Koleo likivunjika: kurejea kazini baada ya ugonjwa mrefu, kati ya Nakivale na Mbarara

Kiharusi, kisukari au ajali ya barabarani huweza kumwondoa mtu kazini akiwa katika umri wa makamo, wakati familia nzima inamtegemea. Makala haya yanaeleza njia ya kurudi kazini kusini magharibi mwa Uganda, kwa mwenyeji na kwa mkimbizi.

Barabara itokayo mjini Mbarara kuelekea Isingiro na mpaka wa Tanzania hupita Masha, kaunti ndogo iliyozungukwa na migomba. Isingiro ni miongoni mwa wilaya zinazoilisha Uganda kwa matoke, na magari yanayopita hapo hubeba mikungu ya ndizi pamoja na abiria. Kati ya abiria hao wamo wakulima wa Masha, na wamo wakimbizi kutoka makazi ya Nakivale, umbali wa kilomita 60 hivi kutoka Mbarara, wanaokwenda kutibiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara.

Mgonjwa anapokwenda huwa na swali moja: je, nitapona? Anaporudi, mkono ukiwa mzito au mguu umekatwa, huja na swali la pili ambalo mara nyingi halikupata nafasi mbele ya daktari: je, nitafanya kazi gani?

Jibu fupi la swali hilo ni kwamba njia ya kurudi kazini haianzi siku ya kupona. Huanza mapema, wakati tiba ingali inaendelea. Anayesubiri apone kabisa ndipo aanze kupanga hupoteza muda ambao mwili hauwezi kumrudishia, na wakati mwingine hupoteza pia haki ambazo sheria ilikuwa imemwekea.

Ulemavu unaokuja ukubwani

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya kila sita duniani, wanaishi na ulemavu mkubwa. Wengi wao hawakuzaliwa nao. Kiharusi, kisukari, kifua kikuu cha uti wa mgongo, saratani, maradhi ya akili na ajali za bodaboda humfika mtu akiwa na miaka 40 au 50, wakati ana watoto shuleni, wazazi wazee nyumbani na wateja waliomzoea.

Maradhi mengi ya aina hii huingia kimya kimya. Shinikizo la damu, ambalo ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi, huweza kukaa mwilini kwa miaka bila kuuma popote. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, hivyo mtu hukanyaga msumari au kuungua bila kuhisi, na kidonda kidogo kikageuka kuwa sababu ya kukatwa mguu. Kwa kuwa hakuna onyo, hakuna pia maandalizi: akiba ya nyumba huliwa na nauli, vipimo na dawa katika wiki chache za mwanzo.

Huko Nakivale mzigo huu huwa mzito zaidi. Makazi hayo, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda, leo yanahifadhi zaidi ya watu 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Sera ya Uganda humpa mkimbizi kipande cha ardhi ili alime na ajitegemee. Ni sera inayosifiwa duniani, lakini jembe linahitaji mikono miwili na mgongo mzima. Aliyekuwa mwalimu Bukavu au fundi umeme Bujumbura, akipata kiharusi akiwa Nakivale, huwa amepoteza kazi mara mbili. Ya kwanza aliiacha nyuma siku aliyokimbia, na sasa hata ya shamba haiwezi.

Wakati huohuo msaada umepungua. Tangu Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, limekuwa likiwagawa wakimbizi walioko Uganda katika makundi kulingana na mahitaji yao, na kundi linaloonekana kujiweza halipewi chakula. Mwezi Mei 2025, kwa sababu ya uhaba wa fedha, shirika hilo liliwaondoa watu wapatao milioni 1 katika orodha ya msaada nchini humo. Kwa hiyo kurudi kazini baada ya ugonjwa kumekuwa suala la chakula cha jioni, wala si la heshima peke yake.

Tiba na kazi huanza pamoja

Baada ya kiharusi, ubongo hujaribu kujipanga upya ili sehemu iliyo nzima ichukue kazi za sehemu iliyoharibika. Kazi hiyo huenda kwa kasi zaidi katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, ingawa nafuu huweza kuendelea kuja kwa miaka. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba mazoezi ya viungo yaanze mara tu daktari anaporuhusu, na yarudiwe kila siku nyumbani, si siku za kliniki peke yake.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni kwamba ubongo hujifunza kile hasa kinachorudiwa. Mkono unaofanyishwa mazoezi ya kufunga vifungo utafunga vifungo. Haufuati kwamba utashika mkasi. Kwa sababu hiyo mgonjwa hana budi kumweleza mtaalamu wa tiba ya viungo, tangu siku ya kwanza, kazi aliyokuwa akifanya. Mshona nguo aende na kitambaa na mkasi wake. Mwalimu aende na kalamu na daftari. Fundi simu aende na bisibisi zake ndogo. Mazoezi yakifungamana na kazi, miezi ile ya mwanzo huwa imetumika kwa mambo mawili kwa wakati mmoja.

Aliyekatwa mguu naye ana ratiba yake. Kwanza kigutu hupona na kufungwa bendeji ili kipate umbo zuri, kisha ndipo mguu bandia hupimwa. Kigutu huendelea kupungua katika miezi ya mwanzo, hivyo mguu uliokaa vizuri leo huweza kulegea na kuchubua ngozi baadaye. Kurudi kurekebishwa ni sehemu ya tiba, si dalili kwamba fundi alikosea. Hapa tena swali la kazi lina uzito, kwa kuwa anayesimama kutwa nzima sokoni hahitaji kitu kilekile anachohitaji anayeketi kwenye cherehani. Hospitali ya rufaa ya Mbarara ni moja ya hospitali za umma nchini Uganda zenye karakana ya vifaa vya namna hiyo.

Uganda iliondoa ada za matibabu katika hospitali zake za umma mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia. Kinachowashinda wengi ni nauli ya kwenda na kurudi na gharama ya vifaa. Familia isiyo na uwezo wa kusafiri kila wiki inaweza kumwomba mtaalamu aifundishe mazoezi ambayo ndugu mmoja atayasimamia nyumbani, kisha mgonjwa akarudi Mbarara kwa vipindi virefu zaidi.

Yapo pia majeraha mawili yasiyoonekana. La kwanza ni uchovu: mtu aliyepata kiharusi huweza kuchoka kwa saa mbili za kazi kama mwingine anavyochoka kwa kutwa nzima. La pili ni huzuni nzito, ambayo humpata takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi. Nyumbani hali hizi mara nyingi huitwa uvivu au kiburi, na wapo wanaosema mgonjwa amerogwa. Huzuni hiyo ina tiba, na uchovu una njia yake: kazi hugawanywa katika vipindi vifupi, ile ngumu hufanywa asubuhi, na mapumziko hupangwa kabla mwili haujaishiwa nguvu. Anayekwenda kuombewa aende, ila asiache vidonge vya shinikizo la damu, kwa maana kiharusi cha pili mara nyingi huja pale dawa zilipoachwa.

Karatasi nazo zina saa yake

Kwa aliyeajiriwa, kalenda ya sheria huanza kuhesabu siku anayolazwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mfanyakazi mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba, mradi atimize masharti yake yote hadi siku hiyo. Miezi miwili ni mifupi mno kwa kiharusi au mguu uliokatwa. Mgonjwa anayekaa kimya humwacha mwajiri aamue peke yake. Anayemtuma ndugu na barua ya daktari mapema, ikieleza hali yake na kazi anazotarajiwa kuziweza, humpa mwajiri jambo la kuzungumza naye.

Mazungumzo hayo yana nguvu ya sheria nyuma yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu na inamtaka afanye marekebisho yanayofaa mahali pa kazi. Marekebisho mara nyingi ni madogo: meza kuhamishiwa chini badala ya ghorofani, saa za kazi kupunguzwa kwa muda, au kazi ya kubeba kubadilishwa na ya kuhesabu. Mwajiri ambaye asilimia 5 ya wafanyakazi wake wa kudumu ni watu wenye ulemavu hupata punguzo la asilimia 2 ya kodi yake ya mapato, jambo ambalo waajiri wengi wadogo hawalijui.

Aliyeumia akiwa kazini ana haki nyingine. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi humtaka mwajiri amlipe, na kwa aliyepoteza kabisa na daima uwezo wa kufanya kazi fidia hufikia mapato ya miezi 60. Mahali pa kuanzia ni kwa ofisa wa kazi wa wilaya.

Kisha kuna akiba ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mwajiri huchangia asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, waajiri wote wa sekta binafsi, hata mwenye mfanyakazi mmoja, wanapaswa kuwasajili watu wao. Marekebisho hayohayo yalimruhusu mwanachama mwenye ulemavu aliyefikisha miaka 40 na kuchangia kwa angalau miaka 10 kuchukua hadi asilimia 50 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Kwa asiyeweza tena kujipatia kipato kwa sababu ya maradhi au ulemavu lipo fao la kutojiweza, na kwa anayeihama Uganda moja kwa moja lipo fao lake pia. Wapo watu waliofanya kazi Mbarara kwa miaka, wakaugua au wakahamia nchi nyingine, na fedha zao zingali zimelala huko.

Majirani wawili, milango miwili

Sheria zilizotajwa zinamlinda kila aliyeajiriwa. Lakini wakazi wengi wa Masha na Nakivale hawana mwajiri, wanajitafutia wenyewe. Kwao milango haifanani.

Mwananchi wa Masha anaweza kuomba fedha za Mpango wa Maendeleo ya Parokia, uliozinduliwa mwaka 2022, ambao hukopesha shilingi milioni 1 kupitia chama cha akiba cha parokia. Asilimia 10 ya fedha hizo zimetengwa kwa watu wenye ulemavu. Ipo pia ruzuku maalumu ya taifa inayotolewa kwa vikundi vya watu wenye ulemavu kupitia ofisi za wilaya. Aliyeugua ukubwani mara nyingi huikosa kwa sababu hajawahi kujihesabu kuwa mtu mwenye ulemavu, na hajajiunga na kikundi chochote. Kwenda kujiandikisha kwa ofisa wa maendeleo ya jamii si kukata tamaa ya kupona. Ni kufungua mlango ambao bila jina kwenye orodha haufunguki.

Mkimbizi wa Nakivale haingii kwa mlango huo. Hata hivyo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa haki ya kufanya kazi, kufungua biashara na kutembea nchini. Mwaka 2020 taasisi ya mikopo midogo UGAFODE ilifungua tawi ndani ya makazi hayo, hatua iliyowapa wakimbizi akaunti na mikopo bila kulazimika kwenda Mbarara. Vipo pia vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo Wakongo huviita likelemba na Watanzania huviita vikoba. Faida yake kwa mgonjwa ni kwamba wanakikundi wanamfahamu. Hawahitaji hati ya nyumba ili wamwamini fundi waliyekuwa wakimpelekea nguo zao.

Wapo wanaohofia kwamba wakionekana na kibanda cha biashara watafutwa katika orodha ya wenye mahitaji maalumu. Hofu hiyo ina msingi wake pale msaada unapopungua. Kwa hiyo ni busara kuuliza ofisi ya ulinzi ya shirika la wakimbizi, UNHCR, au Ofisi ya Waziri Mkuu iliyoko makazini kabla ya kuamua, na kuhakikisha kwamba ulemavu wenyewe, si kipato tu, umeandikwa katika kumbukumbu za familia.

Ujuzi haupoozi pamoja na mkono

Kuna tofauti kati ya kazi na namna ya kuifanya. Kiharusi huondoa namna, mara chache huondoa ujuzi wote. Mwashi asiyeweza tena kupanda jukwaa bado anajua kupima msingi na kukadiria mifuko ya saruji, hivyo anaweza kusimamia vijana. Fundi nguo ambaye miguu yake haikanyagi anaweza kutumia cherehani ya mkono au ya umeme. Dereva aliyepoteza uoni wa jicho moja anazijua njia, bei za mizigo na wateja, mambo ambayo wakala wa usafirishaji huyahitaji. Mkulima anaweza kuhamia kwenye kuku, vitalu vya miche au uwakala wa pesa kwa simu. Na Mswahili anayejua pia Kirundi, Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza ana bidhaa mdomoni mwake, kwa maana zahanati, shule na mashirika ya Nakivale hayawezi kufanya kazi bila wakalimani.

Kazi ya kuketi aghalabu hudai karatasi na lugha. Vyeti vya sekondari kutoka nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, na vya chuo kikuu na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Fundi asiyesoma chuo anaweza kupimwa kwa vitendo na kupewa cheti cha ujuzi alioupata kazini. Kuhusu lugha, Baraza la Wakimbizi la Finland limekuwa likiendesha madarasa ya Kiingereza kwa watu wazima Nakivale. Miezi ya kukaa kitandani, kwa ambaye kichwa chake ni kizima, ni miezi inayotosha kuanzisha safari hiyo.

Afrika Mashariki ina mifano inayojulikana. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kongo na kuhamia Dar es Salaam mwaka 1978, alikuwa kinara wa bendi ya Super Matimila pale kiharusi kilipomdhoofisha mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Hakuweza tena kuongoza jukwaa la dansi kama zamani. Alihamia muziki wa injili na kuendelea kuimba hadi alipofariki Desemba 2010. Gitaa lilikuwa limepungua, sauti na utunzi vilikuwapo. Nchini Kenya, wakili Timothy Wanyonyi alipigwa risasi na majambazi mwaka 1998 na tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu. Aliendelea na sheria, akatetea walioumia uti wa mgongo, na mwaka 2013 akachaguliwa kuwa mbunge wa Westlands.

Watu hao walikuwa na jina na marafiki ambao mkulima wa Masha hana. Lakini hatua waliyochukua haihitaji jina: kila mmoja alitenganisha kile alichokijua na kiungo alichokipoteza, kisha akatafuta mahali ambapo alichokijua kingali kinahitajika.

Wajibu wa jamaa walio mbali

Familia nyingi za Nakivale zina ndugu Ulaya, Marekani au Australia, na ugonjwa unapoingia simu hulia huko kwanza. Fedha nyingi hutumwa katika mwezi wa kwanza wa hofu, kisha hupungua wakati ambapo mazoezi na mguu bandia ndiyo kwanza vinaanza. Ndugu wanaochanga wangefanya vema kugawa mchango wao mapema katika mafungu matatu: dawa za kila mwezi, nauli ya kliniki kwa miezi sita, na chombo cha kazi. Cherehani ya mkono au kabati la kuwekea simu za kutengeneza huweza kumlisha mgonjwa muda mrefu baada ya mchango kukoma.

Na swali lao la kwanza kwenye simu lisiishie kuwa "unaendeleaje?" Liongezwe jingine: "mkono unaweza nini wiki hii?" Swali la namna hiyo humkumbusha mgonjwa kwamba bado anahesabiwa miongoni mwa wafanyakazi wa familia.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hiyo haidai kwamba koleo halikuwa na thamani, wala kwamba chuma hushikika kwa mkono mtupu. Inamwelekeza mhunzi atafute koleo jingine mapema, moto ungali unawaka.